Funguo Ndani ya Friji: Miaka Yangu Miwili ya Kurekodi Kimon

Nilianza kazi Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Naijua hadi dakika kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichoandika kazini: saa, mahali, jina la msemaji. Mahali palikuwa ghorofa ya chini ya jengo letu hapa Lewisville. Msemaji alikuwa Mi Chan. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa nina kumi na saba, na nimestaafu.

Furaha na Musa, nawaandikia ninyi mnaopokea rekoda. Dada Neema aliniambia niandike maelezo mafupi ya kutumia vifaa, nusu ukurasa inatosha. Nilianza vizuri tu na nusu ukurasa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mmefika Texas majuzi na Kiingereza bado mnakisoma kwa kukivizia. Na naandika badala ya kusema kwa sababu mnanijua. Mmekuja kwetu kula mara tatu na sijawaambia zaidi ya "karibuni". Si maringo. Ni aibu, ninayo tangu utotoni kama wengine walivyo na pumu.

Habari za mshahara naziruka. Wastaafu hawapendi kuzitaja, na mshahara wenyewe ulikuwa wali.

Kazi niliipata kwenye chumba cha kufulia. Dada Neema ni mtu wa Mwanza, anasomea udaktari wa lugha, na alikuwa anaendesha kutoka Richardson kila Jumamosi kuja kuwarekodi wazee wa Kimon wanaokaa kwenye majengo yetu. Alimkuta Mama anapanga nguo akamuuliza kama anamjua kijana anayeweza kukaa saa nzima bila kusema neno.

Mama, mnamjua, wa Bukavu yule, alidhani anataniwa. "Banatafuta mutu wa kunyamaza?"

"Ndiyo, mama. Wote niliowajaribu wanakohoa, wanacheka, wanauliza maswali."

Mama alicheka mpaka akaegemea mashine. Halafu akaninyooshea kidole nilikokuwa nimejificha nyuma ya mashuka. "Kamata huyu. Huyu anaweza nyamaza hata mwaka. Mbele nilikuwa naogopa iko mugonjwa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sijawahi kuona mtu mwingine aliyepewa kazi kwa ajili ya ugonjwa wake.

Kabla ya vifaa, mjue mnarekodi nini, maana mimi nilikaa miezi miwili sijui na niliona aibu kuuliza. Kimon ni lugha ya watu wa kusini mwa Burma na sehemu za Thailand. Wamon walikuwa na wafalme, na walichonga maandishi yao kwenye mawe kabla majirani zao Waburma hawajaandika. Ukoo wake ni mkubwa sana, wamo mpaka Wavietnamu na Wakhmer wa Kambodia. Lakini ndani ya ukoo huo, nyumba ya Kimon ina watoto wawili tu: Kimon chenyewe na lugha moja ndogo inayoitwa Nyah Kur, ya watu wachache wa milimani Thailand. Watoto hawa wawili walitengana zamani, labda miaka elfu, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Watu watawauliza kwa nini Mtanzania asome Kimon wakati Kisukuma kipo. Dada Neema huwa anajibu: "Kisukuma kina wenyewe, tena wengi. Na yule Mzungu anayesoma Kisukuma, mbona hamumwulizi kwa nini hasomi cha kwao?" Ninyi msijibu hivyo, hamna shahada. Nyamazeni tu.

Sasa vifaa. Rekoda mmeiona. Kifaa kikubwa zaidi si rekoda, ni kimya, na kimya mnakitengeneza wenyewe. Kimon kina sauti mbili. Moja ni ya wazi, kama tunavyoongea sisi. Nyingine ni ya pumzi, kama mtu anaongea huku anashusha mzigo. Neno likitoka kwa sauti ya wazi ni hili, likitoka kwa pumzi ni lile. Mi Chan alinifundisha kwa kunishika vidole akaviweka kooni kwake, akasema maneno mawili, moja la wazi na moja la pumzi, mpaka nilipoihisi tofauti. Pumzi hiyo ni nyembamba. Friji ikiunguruma, inaimeza yote. Kiyoyozi kikiwaka, ndiyo basi kabisa.

Kwa hiyo mkifika kwa mzee, hata kama ni mwezi wa nane na ndege wanaanguka kwa joto, mnazima kiyoyozi, mnazima feni, mnachomoa friji. Halafu mnachukua funguo za gari la Dada Neema mnaziweka ndani ya friji hiyo mliyoichomoa. Huu si wazimu. Ni sheria. Zamani Dada Neema alichomoa friji ya mzee mmoja akaondoka, na nyama ya sherehe nzima ikaoza. Sasa hawezi kuondoka bila kufungua friji, na akiifungua atakumbuka kuiwasha.

Siku yangu ya kwanza nilifanya yote hayo sawasawa. Tulirekodi kwa Mi Chan saa moja. Jasho la Dada Neema lilikuwa linadondokea orodha ya maneno, na Mi Chan alijifunika taulo la maji kichwani na kuendelea kusema majina ya viungo vya mwili kama malkia. Tulipomaliza, Dada Neema, kwa joto ameisahau sheria yake mwenyewe, akaanza kutafuta funguo. Kwenye mkoba. Chini ya kochi. Mi Chan akainama naye. Mjukuu wa Mi Chan, Jenny, anayetufasiria, akatumwa kwenye gari kuchungulia dirishani. Mimi nilikaa. Nilijua ziko wapi, niliziweka mimi, lakini walikuwa wanaongea wote na sikuona mahali pa kuingilia. Nikasubiri mmoja wao asikie kiu.

Baada ya dakika hamsini Mi Chan alifungua friji kutafuta maji.

"Riziki," Dada Neema alisema, polepole sana, "ulijua?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mimi. Ulikuwa unauliza watu wote."

Nilidhani nimefukuzwa. Mi Chan alicheka mpaka taulo likaanguka, akamwambia Jenny kitu. Jenny hakuinua macho kwenye simu. "Bibi anasema huyu abaki. Anasema kwao mtu kama huyu angepewa kulinda hekalu."

Ishara ni mbili. Mkono mmoja juu maana yake ndege. Ndege za Dallas zinapita juu yetu kila wakati, mtaona, na mkono ukiwa juu kila mtu ananyamaza mpaka ipite. Mikono miwili juu maana yake betri inaisha. Ishara ya tatu hatukuwahi kuiona haja yake. Tulikosea, nitafika huko.

Kesi ngumu zipo. Ngumu kuliko zote ni Nai Ong, yaani Bwana Ong, wa Carrollton. Kila neno linatakiwa lisemwe mara tatu, na Nai Ong aliwahi kuwa mtawa, hapendi kurudia. Ukimwuliza "mkono" anasema mara moja. Ukimwomba tena anasema, "Wewe si kiziwi." Ya tatu hakuna. Niligundua dawa kwa bahati. Siku moja nilimtazama tu, bila kupepesa, kama ninavyotazama watu wote ninapoogopa, na yeye akarudia. Alidhani sijaelewa. Sasa ana maneno mia nne, kila moja mara tatu, na kila mara ya tatu unasikia kwamba amekasirika. Dada Neema anasema kitaalamu haina shida. Msilete ndizi kwake, ana kisukari na hatawaambia.

Mwalimu wangu hasa alikuwa Mi Chan. "Mi" si jina, ni kama "Bi" yetu, mtapaswa kuliweka kwa kila mwanamke. Ana umri wa miaka sabini na kitu, alifanya kazi miaka mingi kiwanda cha samaki Thailand kabla ya kuletwa huku. Jenny anamwelewa lakini anamjibu kwa Kiingereza. Mtoto wake wa kiume anatoka kiwandani amechoka, anajibu kwa kichwa. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuongea, na mimi nilikuwa mtu wake wa kuongea naye, kwa sababu siondoki na sikatizi. Nyumbani kwetu ni hivyohivyo kwa upande mwingine. Mama anasema Kiswahili, mimi najibu kwa mabega. Nilimwelewa Mama zaidi kwa kumsikiliza Mi Chan, lakini hilo sikumwambia Mama, na msimwambie.

Alichokuwa anakitaka Mi Chan kilikuwa kimoja. Alipokuwa msichana, mtawa mmoja alimwambia kwamba Wamon wana ndugu waliopotea milimani, wafalme walipoanguka wao wakabaki, na bado wanaongea maneno ya zamani. Aliyaweka moyoni miaka sitini. Dada Neema alipomweleza kwamba ndugu hao ni kweli wapo, ndio Nyah Kur, Mi Chan aliuliza: "Yupo mmoja Texas?"

Tulicheka. Lakini Dada Neema ni mtu wa kutafuta, na mwezi wa nane mwaka huu akampata. Bi Malee, fundi nguo wa Houston. Wateja wake wote wanamjua kama Mthai. Kwenye simu alisema ametoka milimani akiwa na miaka kumi na miwili kwenda kufanya kazi za ndani mjini, wakamwambia lugha yake ni ya porini, akaiacha. Amesahau yote. Lakini njooni, Jumamosi, saa nane mpaka saa tisa, saa tisa ana bibi harusi wa kupima gauni.

Tatizo ni kwamba mtoto wa Mi Chan alikuwa amepata kazi kaskazini, mbali, na Jumatano iliyofuata walikuwa wanahama. Ilikuwa Jumamosi hiyo au basi.

Tulisafiri kwa muda wa saa nne na nusu. Mi Chan alipanda na kikasha cha barafu chenye samaki mzima aliyempika mwenyewe, wa kuchachushwa, na harufu ilitufika kabla hatujaingia barabara kuu. "Huwezi kwenda kwa ndugu mikono mitupu," alisema. Jenny alibaki, alikuwa na mechi. Tulitegemea kwamba wazee wawili watakutana kwenye Kithai, na Dada Neema anajua kiasi.

Duka la Bi Malee ni chumba kimoja kirefu, magauni yananing'inia kila mahali, na nyuma kuna anakoishi. Nilifanya kazi yangu. Kiyoyozi, feni, na friji ndogo iliyokuwa karibu na mlango wa nyuma. Nikachomoa, nikaweka funguo ndani. Nikabandika kwenye kila mlango karatasi yangu kubwa: KIMYA, TUNAREKODI, kwa Kiingereza na Kihispania.

Ile saa ilikwenda vibaya. Dada Neema aliuliza "maji", Bi Malee akatikisa kichwa. Aliuliza "moto", akatikisa kichwa. Aliuliza kuhesabu mpaka tano, akaangalia mkasi wake. Alikuwa na adabu sana na alikuwa kama mtu aliyeitwa polisi. Mi Chan alikaa mbele yake na vazi lake jekundu la sherehe, amepiga pasi hadi mkanda, na niliona mikono yake imeanza kukunjana. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Niliandika.

Mi Chan akasukuma orodha pembeni. Akafungua kikasha, akamtoa samaki, akamweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye gazeti. Dada Neema alifumba macho kwa ajili ya magauni. Mi Chan akamgusa samaki. "Ka," alisema.

Bi Malee akamtazama samaki. "Ka," alisema. Hakusema kama anayejibu swali. Alisema kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo mguu wake unaijua.

Mi Chan akagusa jicho la samaki. "Mot."

"Mat," alisema Bi Malee, na sauti yake ikapanda kidogo, kama anamsahihisha mdogo wake.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka.

Waliingia wanaume wawili. Walisoma karatasi yangu, wakavua kofia. Walinyata mpaka kwenye friji. Mmoja aliinama akaona imeshachomolewa, akamwonyesha mwenzake dole gumba. Wakaiinua.

Mimi nilikuwa nimeshika rekoda. Nyuma yangu Bi Malee alikuwa amesema sentensi nzima ambayo hakuna aliyeiomba, ndefu, yenye pumzi ndani yake, na Mi Chan alikuwa ametoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa. Taa ya rekoda ilikuwa nyekundu. Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba hamsemi. Nikanyoosha mkono mmoja. Dada Neema aliangalia dari, akasikiliza, hakusikia ndege, akanipungia nishushe. Nikaushusha. Nikafikiria mikono miwili, lakini betri ilikuwa imejaa, na ningekuwa nasema uongo.

Mwanaume wa nyuma akanitazama, akaweka kidole mdomoni, kuniuliza kama wanafanya kelele. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana. Ndiyo, niliwatikisia kichwa. Wakatoka na friji, na mlango wakaufunga polepole kuliko nilivyowahi kuufunga mlango wowote.

Wekeni ishara ya tatu. Nashauri kushika kichwa.

Saa tisa na dakika nne Bi Malee alinyamaza, akaanza kulia na kucheka, na Mi Chan akang'oa jicho la samaki akamwekea kinywani. Baadaye, kwa Kithai, Bi Malee alitueleza ile sentensi. Alikuwa amesema: jicho Mama alinipa mimi, wengine walikuwa wanapewa mkia. Hakuwa ameikumbuka tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

Nikazima rekoda. "Dada," nikasema, "friji imeondoka."

Alikuwa anafuta machozi. "Imeondokaje?"

"Na watu wawili."

"Uliwaona?"

"Ndiyo. Nilinyoosha mkono."

"Mimi nilidhani ni ndege."

"Najua."

Bi Malee alipofasiriwa alijipiga paji la uso. Friji ile ilikuwa kuukuu, alishampa jirani mwenye duka la matairi, akamwambia aje Jumamosi mchana, ataikuta imechomolewa karibu na mlango. Kwa hofu ya kutuona alisahau. Jirani alikuwa ameshaipeleka kwa kaka yake huko Pasadena, mji wa pembeni ya Houston, na simu yake haipokelewi. Ufunguo wa akiba wa gari? Dada Neema alikuwa ameufunga kwenye pete ileile, usipotee.

Sikugombezwa. Ilikuwa mbaya zaidi. Dada Neema alikaa chini ya gauni la harusi akasema, "Riziki, mimi ndiye niliyetafuta mtu wa kunyamaza." Nilimpigia Mama. Mama alisema, "Banaiba friji mbele ya macho yako na weye unabasalimia kwa kichwa?" halafu nikamsikia anamsimulia mtu mwingine chumbani, na huyo mwingine anacheka.

Bibi harusi alikuja, akapima, akasema kuna harufu ya samaki. Tukalala hapohapo kwenye mikeka, katikati ya magauni.

Asubuhi yake niliamka kwa sababu ya maongezi. Mi Chan na Bi Malee walikuwa wameketi kwenye meza ya kukatia, chai katikati, wanaokota maneno. Moja kwa huyu, moja kwa yule. Yakifanana wanapiga meza, yasipofanana wanabishana, na wakikwama kabisa wanakimbilia Kithai kama watu wanaovuka barabara. Dada Neema alikuwa ametoka kutafuta kahawa. Hakuna aliyeniagiza. Nilizima kiyoyozi nikawasha rekoda. Mwanzo wa kila rekodi lazima mtu aseme kwa sauti saa, mahali na majina, na miaka miwili yote alikuwa anasema Dada Neema, mimi naandika. Nikasema mimi. Nilisema Houston, nikasema Mi Chan, nikasema Bi Malee, na mwisho, kwa sababu ndiyo kanuni, nikasema jina langu. Mtaisikia sauti yangu, ni ndogo lakini ipo.

Saa mbili na robo mlango wa nyuma uligongwa kidogo sana. Alikuwa yule wa kidole mdomoni. Kaka yake alifungua friji kupanga mayai akakuta funguo. Alinipa. Zilikuwa baridi. Nilimshukuru kwa kunong'ona, naye akaondoka kwa kunyata, ameshazoea.

Nikasimama pale na funguo. Dada Neema alikuwa amesema jana yake kwamba zikipatikana tu tunaondoka dakika hiyohiyo, Jumapili ana zamu kazini. Na Jumatano Mi Chan anahama. Mezani walikuwa wamefika kwenye majina ya wadudu.

Dada Neema, najua utaisoma hii kabla hujawapa Furaha na Musa, kwa hiyo soma hapa ukiwa umekaa.

Niliziweka funguo ndani ya kikasha cha barafu, chini ya kichwa cha samaki, nikafunika. Nikarudi mahali pangu. Wewe ukaingia na kahawa, ukauliza kwa sauti ya chini, "Vipi, hakuna aliyekuja na funguo?"

Nikanyoosha mkono mmoja.

Ukanyamaza, ukaangalia juu, ukaketi kusubiri. Ndege hiyo ilipita saa sita kasoro dakika tano, nilipofungua kikasha nikakupa funguo.